Majivu ya Mpendwa Ndani ya Kidani

Mwezi huu tunazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tukilisikia kwa mara ya kwanza hushika tama. Ni desturi ya kuchukua sehemu ndogo ya majivu ya marehemu, mwili wake ukishachomwa, na kuyatia ndani ya kidani, pete au bangili ili yule aliyebaki ayavae. Huko Uingereza jambo hili si geni tena. Zaidi ya robo tatu ya wanaofariki nchini humo huchomwa, na masonara wanaotengeneza vito vya namna hii ni wengi.

Labda utasema, "Hayo ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini?" Yanatuhusu. Siku hizi ni koo chache zisizo na binti aliyeolewa ng'ambo, au kijana anayefanya kazi huko, au shangazi aliyehamia huko na kuzeekea huko. Tuseme binti yako ameolewa na Mwingereza. Mumewe anafariki, na kwa wosia wake mwenyewe mwili unachomwa. Wiki chache baadaye simu inalia usiku: "Mama, nataka kutengenezewa kidani chenye majivu yake. Unasemaje?" Ukimjibu kwa ukali kwamba hayo ni mambo ya kishetani, umemfungia mlango mtoto aliye katika msiba. Ukimjibu kwamba afanye apendavyo, umemwacha peke yake. Mama anayelielewa jambo lenyewe anaweza kukaa na binti yake na kumwongoza. Ndiyo sababu tunalileta ukurasani.

DESTURI HII ILITOKA WAPI?

Kuvaa kumbukumbu ya marehemu si jambo la juzi. Malkia Victoria wa Uingereza alipofiwa na mumewe Albert, Desemba 1861, alivaa nguo nyeusi mpaka yeye mwenyewe alipofariki mwaka 1901. Alikuwa pia na vidani vyenye nywele za mumewe. Wanawake wengi wa nchi yake walimwiga. Mji wa Whitby, ulioko pwani ya mashariki ya Uingereza, ulipata riziki kubwa kwa kuchonga vito vyeusi vya msiba kutokana na miti ya kale iliyogeuka kuwa mawe. Nywele za marehemu zilisukwa na kuwekwa chini ya kioo, zikavaliwa kifuani.

Wakati huo Waingereza walikuwa bado wanazika. Kuchoma maiti kwa utaratibu wa sasa kulianza kwao mwaka 1885, katika mji wa Woking, na sheria maalumu ikatungwa mwaka 1902. Kadiri kuchoma kulivyoenea, majivu yakachukua nafasi ya nywele.

Hata kwetu Afrika Mashariki kuchoma maiti si kwa Wahindu peke yao. Nchini Kenya, Askofu Mkuu Manasses Kuria wa Kanisa la Anglikana alichomwa alipofariki mwaka 2005, kama mkewe Mary alivyochomwa kabla yake. Profesa Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 2004, alichomwa huko Kariokor, Nairobi, mwaka 2011. Mijadala ilikuwa mikali, lakini waliobaki waliheshimu neno la marehemu.

MAJIVU YENYEWE NI NINI?

Wengi hufikiri ni majivu laini kama ya jikoni. Sivyo. Tanuri hufikia joto la nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi, na baada ya saa moja hadi mbili kinachobaki ni vipande vya mifupa. Hivyo husagwa kwa mashine vikawa unga wa chengachenga, mweupe au wa kijivu. Majivu ya mtu mzima huwa na uzito wa kilo 2 hadi 3 hivi.

Hapa pana mambo mawili ya kukumbuka. La kwanza, kidani huhitaji kiasi kidogo sana, chini ya kijiko kimoja cha chai. Kwa hiyo kutengeneza kidani hakumalizi suala la majivu. Karibu yote yanabaki, na lazima familia iamue yatalazwa wapi. La pili, majivu ya mtoto mchanga huwa machache mno, na kwa kichanga mdogo sana yanaweza yasipatikane kabisa. Mama aliyepoteza mtoto wa namna hiyo ni vema aulizwe mapema, kabla ya siku yenyewe, au jamaa waulize kwa niaba yake. Ni uchungu juu ya uchungu mama kungojea majivu na kuambiwa kwamba hakuna kitu.

AINA ZA VITO

Vito hivi tunaweza kuvigawa katika mafungu manne.

1. Kidani chenye tundu. Hiki ni kama kichupa kidogo cha fedha, dhahabu au chuma cha pua, chenye kifuniko cha kukaza. Unayatia majivu mwenyewe nyumbani, kisha unafunga na kuziba kwa gundi. Ni cha bei nafuu, na hakuna mtu wa nje anayeyagusa majivu. Udhaifu wake ni kifuniko. Kisipozibwa barabara hulegea, au maji huingia.

2. Majivu ndani ya gundi ngumu. Sonara huchanganya majivu na gundi ya majimaji ambayo ikikauka huwa ngumu na kung'aa kama kito. Hupendeza, na rangi ni za kila namna. Lakini gundi hii haipendi joto, jua kali wala manukato. Baada ya miaka inaweza kugeuka manjano, na hukwaruzika upesi.

3. Majivu ndani ya kioo. Kioo huyeyushwa kwa moto, majivu hunyunyizwa, kisha hufunikwa kwa kioo kingine. Hakichujuki rangi, na majivu hayawezi kumwagika. Ila kioo ni kioo, kikianguka sakafuni huvunjika.

4. Almasi. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 yako makampuni yanayotoa kaboni katika majivu au nywele za marehemu na kuibana kwa joto na mgandamizo mkubwa sana mpaka inakuwa almasi ya kweli. Kazi huchukua miezi, na gharama hufikia maelfu ya dola. Ufahamu pia kwamba kaboni nyingi ya mwili hupotea hewani wakati wa kuchoma, kwa hiyo inayobaki katika majivu ni kidogo.

Ni kipi kilicho bora? Inategemea mvaaji. Mama anayefua, anayeosha vyombo na kubeba mtoto mgongoni asichague pete. Pete hugongwa kutwa nzima, na maji ya sabuni huiingia kila saa. Kidani kinachokaa chini ya blauzi hudumu zaidi. Mwenye mtoto mchanga anayevuta kila kitu achague mkufu imara, au akivae siku maalumu tu na siku nyingine akihifadhi kabatini.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Mtu aliye katika msiba hudanganyika kwa urahisi. Ndugu zangu, haraka haraka haina baraka. Majivu hayaozi. Yanaweza kungoja miezi sita au mwaka mzima, na wewe ukatulia. Hakuna sababu ya kuagiza kidani wiki ile ile ya mazishi kwa kuwa tu wakala amekuonyesha kitabu chenye picha. Ukiwa tayari, fuata mambo haya:

Kwanza, muulize sonara kazi inafanyika wapi na nani anaifanya. Wengine hupokea oda tu, kisha huituma kwa mtu mwingine. Uliza majivu yako yatawekewa namba au jina vipi yasichanganywe na ya mteja mwingine. Jambo hili ni zito, kwa kuwa joto la tanuri huharibu chembe za urithi, na kwa kawaida hakuna kipimo cha maabara kitakachokuthibitishia baadaye kwamba majivu haya ni ya nani. Unachonunua ni uaminifu wa mtu. Basi mtafute mwaminifu, na ukiweza nenda ukamwone kazini.

Pili, kamwe usitume majivu yote. Pima kijiko kimoja tu, na yanayobaki yakae nyumbani. Kifurushi kikipotea njiani, hutakuwa umepoteza kila kitu. Uliza posta sheria zao kwanza, maana si kila posta inakubali kusafirisha majivu, na hasa kuvuka mipaka ya nchi.

Tatu, dai yale yatakayobaki kwa sonara yarudishwe, na jambo hilo liandikwe kwenye risiti.

Nne, chunguza madini yenyewe. Fedha halisi hupigwa namba 925, maana yake sehemu 925 katika 1,000 ni fedha tupu. Dhahabu ya karati 9 huwa na namba 375, na ya karati 18 namba 750. Huko Uingereza kito cha fedha kinachozidi gramu 7.78, au cha dhahabu kinachozidi gramu 1, lazima kipigwe muhuri wa ofisi ya upimaji ndipo kiuzwe kwa jina hilo. Ofisi ziko 4, na kila moja ina alama yake: kichwa cha chui kwa London, nanga kwa Birmingham, waridi kwa Sheffield na ngome kwa Edinburgh. Kitu kilichopakwa dhahabu juu juu kitachubuka. Si dhambi kukinunua, mradi usilipie bei ya dhahabu. Rahisi huvunja upishi, lakini na ghali nayo si lazima iwe bora.

Tano, hesabu mfuko wako. Mjane mwenye karo za shule za kulipa na kodi ya nyumba asikopeshwe apate almasi. Upendo wa mume haupimwi kwa bei ya kito, na mume mwema angependa kwanza watoto wale na wasome.

JAMAA NAO WANA NENO

Hapa ndipo nyumba nyingi huwaka moto. Kwa sheria ya Uingereza, majivu hukabidhiwa yule aliyetia saini fomu ya kuomba maiti ichomwe, au mtu aliyemtaja. Mara nyingi huyo ni mke. Basi mke huweza kudhani kwamba kwa kuwa karatasi ni yake, neno la mwisho ni lake pekee. Lakini marehemu alikuwa pia mtoto wa mtu. Mama mkwe naye amezaa, amenyonyesha, na sasa mwanawe yumo katika kopo. Wifi naye amefiwa na kaka.

Kabla majivu hayajaguswa, waite mkae pamoja, au mpigiane simu kama mko mbali. Sema wazi: "Mama, natamani kuchukua kijiko kimoja nitengenezewe kidani. Je, wewe unaonaje?" Wapo watakaofurahi na kuomba na wao. Wapo watakaosema mwili wa mtu usigawanywe. Akipinga mama mkwe, usishindane naye siku hiyo. Mpe muda. Majivu yakishaingia katika kioo hayatoki tena, na neno la hasira likishatoka kinywani ni hivyo hivyo. Mkishindwa kabisa kuelewana, iko njia ya kati, ambayo tutaieleza hapo chini.

Na upande wa kwetu, tusiwe wepesi wa kuhukumu. Binti anaporudi nyumbani kwa likizo na kidani shingoni, shangazi hukimbilia kusema anatembea na mzimu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Muulize kwa upole, "Mwanangu, hiki kinakusaidiaje?" Kisha sikiliza bila kumkatiza.

KANISA LINASEMAJE?

Makanisa hayasemi kwa sauti moja, kwa hiyo ni vema kila mama amuulize mchungaji au padri wake. Kanisa Katoliki liliruhusu waumini kuchomwa mwaka 1963, ingawa linapendelea mazishi ya kaburini. Mwaka 2016 Vatikani ilitoa maelekezo kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe, yasigawanywe kati ya jamaa, wala yasiwekwe katika vito. Mwaka 2023 ilijibu swali kwamba sehemu ndogo sana inaweza kuhifadhiwa mahali palipokuwa na maana katika maisha ya marehemu, kwa idhini ya kanisa na kwa masharti. Jibu hilo lilihusu mahali, si vito vya kuvaa. Basi mama Mkatoliki ajue hivyo mapema, asije akakuta kidani kimekwisha tengenezwa ndipo aambiwe. Kanisa la Uingereza nalo, ambalo ni la Kianglikana, linakubali kuchoma, na kanuni zake zinataka majivu yalazwe kwa heshima na mchungaji, ama katika ardhi ya maziko ama baharini.

Ndani ya Biblia tunasoma katika 1 Samweli 31 jinsi watu wa Yabesh-Gileadi walivyoichoma miili ya Sauli na wanawe, kisha wakaizika mifupa kwa heshima na kufunga siku saba. Katika Mwanzo 50 Yusufu anawaapisha ndugu zake waichukue mifupa yake watakapotoka Misri. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba Mungu atashindwa kumkumbuka mtu kwa sababu ya hali ya mwili wake. Mkristo aliyeteketea kwa moto wa nyumba, au aliyezama ziwani asipatikane, hana tumaini pungufu kuliko aliyezikwa kwa jeneza la mninga.

Hatari iko kwingine. Kidani kikianza kuombwa msaada, kikianza kuogopwa, au mtu akiamini kwamba akikivua atapatwa na mabaya, hapo kimekuwa hirizi. Kumbukumbu ni kumbukumbu. Jipime mwenyewe: je, ninaweza kukivua usiku nikalala kwa amani? Kama huwezi, usijilaumu, lakini tafuta mtu wa kuzungumza naye juu ya msiba wako, maana uchungu huo unahitaji zaidi ya sonara.

WATOTO, NA MIAKA IJAYO

Mtoto wa miaka 4 akiambiwa kwamba baba yumo ndani ya kidani, ataamini hivyo hivyo. Atataka kukifungua amtoe. Mwambie kweli kwa maneno mepesi: "Baba amekufa. Mwili wake haukuwa na uhai tena, haukusikia maumivu. Hiki ni kitu kidogo cha kumkumbukia." Usimvishe mtoto mdogo kidani cha namna hii shuleni. Kikipotea uwanjani, atabeba hatia isiyo yake.

Fikiria pia miaka 20 ijayo. Mjane kijana huenda akaolewa tena, na hilo si kosa. Je, mume wa pili ataketi mezani kila siku mbele ya kidani kile? Wengine huelewana vizuri, na wengine huamua kidani kiwekwe kwa ajili ya watoto. Ni bora mlizungumze hilo kabla ya ndoa. Na wewe ukifariki, nani atakirithi? Kiandike katika wosia wako, ueleze kina nini ndani yake. Kisipoandikwa, siku moja mjukuu atakipeleka sokoni kwa kudhani ni fedha tu.

NJIA YA KATI

Kwa wale ambao dhamiri, kanisa au mama mkwe wamekataa, iko kumbukumbu isiyogusa majivu kabisa. Sonara anaweza kuchora juu ya kidani alama ya kidole cha marehemu, au mwandiko wake kutoka katika barua ya zamani. Pete yake ya ndoa inaweza kuvaliwa kwenye mkufu, au kuyeyushwa na kuungwa na ya mkewe. Na sisi tunaozika kaburini tunaweza kufanya haya haya bila kumkwaza mtu yeyote. Ila alama ya kidole ichukuliwe kabla mwili haujazikwa au kuchomwa. Ni jambo la dakika 5 tu, nalo likipita limepita.

Kwa hiyo, mama mwenzetu, binti akikupigia simu usiku ule, anza kwa kulia naye. Kisha mwulize marehemu alitaka nini, mama mkwe anasemaje, na mchungaji amesemaje. Mwambie asubiri angalau mpaka machozi ya kwanza yapungue. Baada ya hapo, kama bado anatamani kidani chake, msaidie kuchagua kilicho imara, kwa bei anayoiweza, kutoka kwa mtu mwaminifu. Na majivu mengine yote myalaze mahali pamoja panapojulikana, pawekwe jina, ili watoto wake wakikua wawe na pa kupeleka maua.